Saint-Cirq-Lapopie na Bonde la Mto Lot: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili wanaopanga kukitembelea Saint-Cirq-Lapopie, kijiji cha zama za kati kusini magharibi mwa Ufaransa, pamoja na mashamba, mapango na vijiji vinavyokizunguka. Picha zake mmekwisha kuziona. Hapa tunajibu yale ambayo picha haziyasemi.

Kijiji kiko wapi hasa?

Kiko katika mkoa wa Lot, mashariki ya mji wa Cahors, mwendo wa chini ya kilomita 30. Nyumba zake zimeng'ang'ania jabali lililosimama kama mita 100 juu ya mto Lot. Mto huo hutoka milima ya Cévennes, hupinda na kujikunja kama kilomita 485, kisha huingia mto Garonne karibu na Aiguillon. Wakazi wa kudumu ni kama mia mbili hivi, lakini kijiji huhesabiwa kupokea wageni takribani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 2012 watazamaji wa televisheni nchini Ufaransa walikipigia kura kuwa kijiji wanachokipenda kuliko vyote, na tangu hapo hakijapata usingizi wa mchana katika Julai na Agosti.

Kuingia ni bei gani?

Bure. Hiki ni kijiji, si jumba la makumbusho. Utakacholipia ni maegesho ya gari, maana magari ya wageni hayaingii ndani.

Nasikia kukizunguka ni saa mbili tu. Kuna haja ya kulala?

Kukizunguka ni saa mbili kweli, na ukitembea haraka hata saa moja inatosha. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu: wanashuka kwenye basi saa tano asubuhi, wanapiga picha katikati ya umati, wananunua aiskrimu na kuondoka wakisema ni pazuri ila pamejaa. Kijiji ni sehemu ndogo ya safari. Safari yenyewe ni mto ulioko chini yake, njia iliyochongwa mwambani, uwanda wa mawe ya chokaa ulioko juu, bonde la mto Célé na pango la Pech Merle. Ukiyaona hayo, kijiji nacho kinaeleweka kwa nini kiko pale kilipo.

Ushauri wangu ni kulala usiku miwili au mitatu, kijijini au jirani: Tour-de-Faure ng'ambo ya mto, Bouziès, Cabrerets au Cajarc. Kijiji chenyewe ukitembee kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni. Mwezi Juni jua huchelewa kuzama hadi karibu saa nne usiku, kwa hiyo jioni ni ndefu na mwanga wake ndio unaozifanya kuta ziwe na rangi ya asali.

Ni cha kale kweli, au kimepambwa kwa ajili ya watalii?

Ni cha kale kweli. Nyumba nyingi ni za kati ya karne ya 13 na ya 16: mawe chini, boriti za mbao na plasta juu, mapaa yaliyosimama wima kwa vigae vya rangi ya kahawia. Majengo 13 yanalindwa kisheria. Zimetengenezwa, naam, tena mara nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu ya kijiji ilikuwa magofu, na waliozinunua nyumba na kuziinua upya wengi walikuwa wachoraji na watu wa sanaa. Mmoja wao alikuwa mchoraji Henri Martin. Baada yake, mwaka 1950, akaja mshairi André Breton, mwanzilishi wa usurealisti, harakati ya sanaa na fasihi iliyochota kwenye ndoto. Alikuwa amefika eneo hilo kwa sherehe za watu waliotaka, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kuishi kama raia wa dunia nzima pasipo mipaka. Cahors ulikuwa umejitangaza mji wa namna hiyo mwaka mmoja kabla. Breton akakipenda kijiji, akanunua nyumba ya kale iliyokuwa ikiitwa nyumba ya wanamaji, akawa anarudi kila kiangazi hadi mwaka aliofariki, 1966.

Usichokikuta ni ngome. Wanaokuja wakitarajia minara na daraja la minyororo huondoka wamenuna. Hapo zamani palikuwa na ngome si moja bali kadhaa, kwa sababu kijiji kilimilikiwa kwa pamoja na koo za mabwana: Lapopie, Gourdon, Cardaillac. Kila ukoo ulikuwa na mnara na nyumba zake, na chini yao wakaishi watu wa kazi. Mwaka 1471 mfalme Louis XI aliamuru ngome ibomolewe. Mwaka 1580, katikati ya vita vya Wakatoliki na Waprotestanti, Henri wa Navarre, ambaye baadaye alikuwa mfalme Henri IV, akaamuru yaliyobaki nayo yaangushwe. Leo ukipanda pale kileleni unakuta visiki vya kuta na upepo. Panda hata hivyo, kwa ajili ya mandhari: mto unapinda chini yako, kanisa lenye kuta nene za kujihami liko ubavuni, na mashamba ya bondeni yamepangwa kwa vipande virefu.

Watu wa kijiji hiki waliishi kwa kazi gani?

Hili ndilo swali ambalo wageni wachache huliuliza, nami natamani lingekuwa la kwanza. Majina ya vichochoro yanasaidia: mtaa wa Pélissaria ulikuwa wa watengeneza ngozi, mtaa wa Peyrolerie ulikuwa wa wafua shaba na masufuria. Lakini kazi iliyokipa kijiji jina ni ya kukereza mbao. Kwenye miteremko ya mawe hapo hukua mti mdogo unaoitwa buis, wenye mbao ngumu na laini kuguswa, isiyopasuka upesi. Mafundi waliukereza kutengeneza bilula za mapipa ya mvinyo. Bonde zima lilikuwa la mizabibu, kila pipa lilihitaji bilula, na bilula huchakaa. Soko lilikuwa mlangoni.

Ukitembea, tazama ghorofa za chini. Utaona matao mapana ya mawe yanayofunguka kichochoroni. Hayo hayakuwa milango ya sebule, yalikuwa madirisha ya karakana. Fundi alikereza ndani kwenye mwanga wa tao, mnunuzi akasimama nje. Ghorofa ya kati familia ililala, na darini palihifadhiwa mbao na nafaka. Ukishazoea kusoma nyumba namna hii, huhitaji mwongoza watalii.

Na mto? Mbona uko mbali chini?

Uko chini, lakini ndio uliokilisha kijiji. Mashua bapa za mbao ziitwazo gabare zilishuka zikiwa zimebeba mbao za mapipa kutoka milimani, jibini, baadaye makaa ya mawe kutoka migodi ya Decazeville, na juu ya yote mvinyo mweusi wa Cahors, kwenda Bordeaux na kuelekea baharini. Wenye mizabibu wa Bordeaux hawakufurahi. Kwa karne nyingi walikuwa na haki ya kuzuia mvinyo wa watu wa bara usiuzwe bandarini mpaka wao wauze kwanza wa kwao. Haki hiyo ilifutwa mwaka 1776 tu.

Kushuka kulikuwa hatari lakini rahisi: mkondo unakubeba. Kupanda ndiko kulikokuwa kazi. Mashua ilikokotwa kwa kamba kutoka ukingoni, na watu, au farasi na maksai. Mahali palipo na ukingo tambarare hilo linawezekana. Chini ya Saint-Cirq-Lapopie, jabali linaingia majini moja kwa moja, hakuna pa kuweka hata unyayo. Basi katika miaka ya 1840 wakaamua kuichonga njia ndani ya mwamba wenyewe.

Hiyo ndiyo njia ya mwambani inayozungumzwa sana?

Ndiyo, njia ya Ganil, na kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu nje ya kijiji, fanya hilo. Inaanzia Bouziès, kijiji kidogo chini ya daraja jembamba, inafuata mto upande wa kushoto mpaka chini ya Saint-Cirq-Lapopie, kisha unapanda. Jumla ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka. Sehemu iliyochongwa ni fupi, lakini ukiifikia utanyamaza kidogo: dari ya mwamba imeinama juu ya kichwa chako, upande mmoja ukuta, upande wa pili maji, na hakuna kizuizi. Alama za vyuma vya wachongaji bado zinaonekana. Mtu mrefu atainamisha shingo hapa na pale. Mkokota mashua wa zamani alipita amejiinamia kwa sababu nyingine.

Humo humo utakuta ukuta mrefu uliochongwa samaki, konokono na mawimbi. Wageni wengi huamini ni wa kale. Sivyo. Ni kazi ya mchongaji Daniel Monnier, ya miaka ya 1980. Ni nzuri, ila usimwambie mtoto kuwa ni ya zama za kati.

Watoto wadogo washikwe mkono. Baada ya mvua kubwa njia huteleza, na mto ukifurika au mawe yakianguka inaweza kufungwa, kwa hiyo pita kwanza ofisi ya utalii uulize.

Biashara ya mto iliisha lini?

Reli ilifika bondeni mwaka 1886, na mashua hazikuwa na la kusema mbele ya treni. Katika miaka hiyo hiyo mdudu wa filoksera alikuwa anaiangamiza mizabibu ya Lot. Hakuna mvinyo, hakuna mapipa, hakuna bilula. Kijiji kikabaki kitupu, na ni utupu huo uliokihifadhi: hapakuwa na mtu mwenye fedha za kubomoa na kujenga upya. Leo treni nayo haichukui tena abiria upande huu, na mto umerudishiwa malango yake ya maji, yaani vyumba vya kupandishia na kushushia mashua, ili mashua za starehe zipite.

Naweza kuendesha mashua mwenyewe?

Unaweza. Mashua za kulala ndani hukodishwa bila leseni baada ya mafunzo mafupi, na kutoka hapa unashuka hadi Cahors na zaidi ukipita malango ya maji ambayo mengi unayafungua kwa mkono wako. Ni mwendo wa kobe, na ni raha kwa familia. Anayetaka kitu chepesi akodi kayaki kwa nusu siku. Kuogelea kunaruhusiwa sehemu zilizotengwa. Mbali na hapo, hasa karibu na vizuizi vya maji vya zamani vilivyovuka mto, mkondo unadanganya. Kutoka juu mto unaonekana kama umelala. Haujalala.

Nafikaje bila gari?

Inawezekana, kwa subira. Kutoka Paris kuna treni za moja kwa moja zinazoondoka steshoni ya Austerlitz hadi Cahors, mwendo wa zaidi kidogo ya saa tano. Kutoka Toulouse ni kama saa moja na robo. Anayetua uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle achukue treni ya RER B mpaka Saint-Michel, abadilishe RER C hadi Austerlitz, na ajipe muda wa kutosha, maana kuburuta masanduku kwenye ngazi za Paris ni kazi yenyewe.

Cahors kuna basi linaloelekea Figeac kupitia bondeni. Mwambie dereva unashuka Tour-de-Faure kwa ajili ya "Sen-Sir-Lapopi". Ukitamka herufi zote kama zilivyoandikwa atakutazama tu. Kutoka kituoni unavuka daraja na kupanda kwa miguu, kama nusu saa au zaidi kidogo, mlima wa kweli. Angalia ratiba ya kurudi kabla hujatoka Cahors. Jumapili na sikukuu mabasi ni machache.

Na kwa gari?

Gari ni bora, hasa kwa mnaotaka kufika pangoni na vijiji vya Célé. Kutoka Toulouse ni kama saa moja na nusu, sehemu kubwa kwa barabara kuu ya kulipia. Kwa sisi tuliozoea kuendesha kushoto, Ufaransa ni kulia. Barabara kuu haisumbui. Taabu iko hapa bondeni, ambako barabara imebanwa kati ya mwamba na mto, ina mahandaki mafupi, na mwenyeji anakuja kasi akiwa ameikariri kila kona. Mkikutana pembamba, anayeweza kurudi nyuma kwa urahisi ndiye arudi. Beba leseni yako pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva.

Maegesho ya juu ndiyo yenye faida kwa wasiopenda kupanda. Barabara ya kutoka Bouziès ina mahali pa kutazamia paitwapo Bancourel. Picha zote unazozijua zimepigwa pale au karibu na pale.

Mama ana magoti mabovu. Je, ataweza?

Tuseme ukweli: vichochoro ni miteremko ya mawe yaliyopangwa, yasiyo sawa, na kijiji hakina barabara tambarare hata moja ya kuzungukia. Kiti cha magurudumu kitapata taabu sana. Lakini mama asiachwe hotelini. Egesheni maegesho ya juu, mshuke naye taratibu hadi uwanja wa Sombral, akae kwenye kivuli na kikombe chake cha kahawa huku nyie mkihangaika na ngazi. Mkiondoka, msimame Bancourel. Pale kijiji kizima anakiona bila kupanda chochote. Mchana wa pili mpandisheni mashua ya matembezi kutoka Bouziès. Kwa mzee, hiyo huwa ndiyo siku bora ya safari.

Msimu gani ni mzuri?

Mei, Juni na Septemba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 siku kadhaa, na umati ni wa sokoni. Oktoba kuna ukungu wa asubuhi unaofunika mto wote, kijiji kikabaki kinaelea juu yake. Wapiga picha huja kwa ajili hiyo tu. Majira ya baridi nyumba nyingi za chakula na maduka hufungwa, vichochoro vinakuwa vitupu kabisa. Kuna wanaoupenda utupu huo. Mimi nisingemshauri mgeni wa mara ya kwanza.

Pango la Pech Merle ni la kwenda kweli, au ni kopi kama mengine?

Ni la asili, na hilo ndilo linaloitofautisha. Mapango mengi maarufu ya Ufaransa yenye michoro yamefungwa, mgeni huonyeshwa nakala. Pech Merle, juu ya kijiji cha Cabrerets, unaingia lenyewe. Lilipatikana mwaka 1922 na vijana, André David na Henri Dutertre, wakajipenyeza kwa taa na kukuta kumbi kubwa chini ya ardhi. Mchoro unaojulikana zaidi ni wa farasi wawili wenye madoadoa, wa miaka takribani 29,000, wamezungukwa na alama za mikono. Kwa muda mrefu wataalamu walisema madoadoa hayo ni ya kufikirika tu. Mwaka 2011 uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale ukaonyesha kuwa farasi wa namna hiyo walikuwepo. Mchoraji alichora alichokiona. Mahali pengine pangoni pana nyayo za mtu mdogo zilizoganda kwenye udongo, na mimi hizo hunigusa kuliko farasi.

Wageni hawazidi 700 kwa siku ili hewa isiharibu michoro, kwa hiyo kata tiketi mapema, hasa kiangazi. Ndani ni nyuzi 12 au 13 mwaka mzima: beba sweta hata kama nje kunaunguza. Kupiga picha hakuruhusiwa. Majira ya baridi hufungwa.

Nchi ya juu, nje ya bonde, ina nini?

Panda tu kutoka mtoni, kila kitu kinabadilika. Hapo ni uwanda wa chokaa waitwao causse, ambako mvua ikinyesha maji huzama ardhini na kwenda kutokea chini bondeni. Mialoni ni mifupi, udongo ni haba, mawe yamejaa. Wakulima waliyaokota mashambani vizazi na vizazi na kuyapanga kuwa kuta zisizo na chokaa wala udongo, na vibanda vya duara vya wachungaji vilivyoezekwa kwa mawe matupu. Fundi mjenzi akitembea huku atachelewa kurudi. Kondoo wa hapa ni weupe wenye mabaka meusi machoni, utadhani wamevaa miwani ya jua.

Eneo lote ni hifadhi ya Causses du Quercy, na tangu 2017 limo katika orodha ya UNESCO ya maeneo yenye urithi wa miamba. Usiku, sehemu ya uwanda huu ni miongoni mwa zenye giza safi kabisa nchini Ufaransa. Aliyekulia kijijini kwetu hatashangaa, lakini watoto waliozaliwa Paris au London hupigwa na butwaa kwa nyota wanazoziona.

Kwa watembeaji, njia ndefu zimewekwa alama ya mstari mweupe na mwekundu. Bonde la Célé lina njia ya mahujaji Wakristo waendao Santiago de Compostela, Hispania, inayopita Marcilhac-sur-Célé, penye abasia iliyobaki nusu gofu, na Espagnac-Sainte-Eulalie. Kwenye miamba mirefu utaona kuta zilizozibia mapango. Wenyeji huziita ngome za Waingereza, kwa kumbukumbu ya Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa. Funga malango ya malisho unapopita, jikague kupe jioni, na msimu wa mawindo, kuanzia Septemba, vaa nguo yenye rangi kali.

Cahors ni wa kupita tu?

Upe siku nzima. Jumatano na Jumamosi asubuhi kuna soko mbele ya kanisa kuu lenye kuba mbili. Zama za kati wakopesha fedha wa mji huu walijulikana Ulaya nzima, na ni hapa alipozaliwa Papa Yohane XXII. Daraja la Valentré lilianza kujengwa mwaka 1308. Lina minara mitatu na matao sita makubwa. Hadithi yake inasema mjenzi, alipoona kazi haiishi, alimpa shetani roho yake ili amsaidie kwa kila atakachoagiza. Kazi ilipokaribia kwisha akamwagiza awaletee mafundi maji kwa chekecheke. Shetani akashindwa, na Abunuwasi mwenyewe angempigia makofi mjenzi huyo. Kwa hasira shetani akawa kila usiku anang'oa jiwe moja la mnara wa kati. Mwaka 1879 mtaalamu Paul Gout alipolikarabati daraja aliweka pale jiwe lenye kishetani kilichoning'inia. Kitafute, watoto hukiona kabla ya wazazi.

Chakula je? Mimi ni Mwislamu.

Nchi hii ni ya bata, ini la bata, kondoo, jibini ndogo ya mbuzi ya Rocamadour, jozi na mvinyo. Nyama halali hutaipata kijijini. Jihadhari pia na viazi: mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya bata, na mchuzi huungwa kwa mvinyo. Uliza kabla ya kuagiza, hawachukii. Saladi ya jibini ya mbuzi ya moto na kimanda hupatikana karibu kila mahali, lakini nazo uliza kwanza. Wenye familia wapange nyumba yenye jiko na waje na nyama kutoka Toulouse. Jikoni za mahoteli hufungwa saa nane mchana kamili. Ukifika saa nane na nusu utaambulia aiskrimu.

Majira ya baridi, Jumanne mchana, mji mdogo wa Lalbenque una soko la truffe, ule uyoga mweusi wa chini ya ardhi unaotafutwa kwa mbwa. Wauzaji husimama nyuma ya mabenchi na vikapu, wanunuzi mbele, hakuna anayeruhusiwa kununua kabla ya ishara. Na kwa wapishi wa biriani: Quercy, jina la kale la nchi hii, hulima zafarani. Kilimo hicho kilikuwepo zama za kati, kikapotea, kikafufuliwa miaka ya 1990. Maua huchumwa Oktoba. Bei yake itakufanya urudishe kichupa mezani mara mbili kabla ya kununua.

Viza inakuwaje?

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Ufaransa. Ukialikwa na ndugu anayeishi Ufaransa, yeye ndiye anayekwenda ofisi ya meya wa kwao kuomba hati ya kukupokea, na aende mapema kabisa, maana huko ndiko safari nyingi zinakokwama.

Kuna kitu chochote cha Kiafrika upande huo?

Kipo, na si kidogo. Cajarc, mwendo mfupi ukipanda mto, huwa na tamasha la tamaduni za Afrika liitwalo Africajarc kila mwaka mwishoni mwa Julai, tangu 1999: muziki, vitabu, filamu, vyakula na soko la ufundi, katikati ya mji wa mashambani ambao siku nyingine huuza jibini na nyanya. Ukiweza, panga safari iangukie siku hizo, uvumilie joto. Vyumba vya Cajarc huisha miezi kabla, ila Figeac, ambako pia kuna treni, mara nyingi hubaki na nafasi.